Kufunga Bunda

Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu.
Viwili vilibaki kiwandani, kwenye msumeno, mwaka aliooa,
na bado karata tano zinakaa humo
kama zimepigiliwa misumari.

Karata ishirini tu, anasema Bwana Haslinger.
Ndogo ndogo tumezitupa, hazina kazi kwa watu wawili.
Ree kumi na moja. Kumi ni kumi.
Mfalme nne, bibi tatu, ghulamu mbili.
Anayefika sitini na sita aseme "inatosha",
na akisema kabla hajafika, ole wake.

Mimi nilikuja kumpima sukari na kumkanda miguu.
Majuma mawili hapa, mawili kwetu Slovakia,
basi dogo la usiku, wanawake wanane, chupa tatu za chai.
Hakuna aliyenitajia mtihani.

Mwanzoni nilifungwa kila jioni.
Nilitupa ree kama mtu anayetupa maganda.
Nilisahau kwamba turufu, hata iwe ghulamu,
humla mfalme wa watu;
kwamba mfalme na bibi wa rangi moja ni ndoa,
na ndoa haitangazwi kwa kunong'ona.
"Ishirini!" anafoka, na kijiko kinaruka sahanini.
Zilizokwisha kuliwa, marufuku kuzifunua.
Hesabu ya kichwani, Marcela. Kichwani!

Kisha Jolana.
Jolana ni mwenzangu wa zamu.
Tunaonana mlangoni dakika tano: funguo,
choo amepata jana, mguu wa kulia umevimba,
naye anapanda basi nililoshuka mimi,
kiti bado kina joto langu.
Sijawahi kumwona ameketi.
Lakini mezani hakosekani.
"Jolana angeizuia hiyo."
"Jolana hacheki akipata ree."
Mchezo wa wawili, eti.

Nikaanza kuhesabu.
Nikimenya viazi: bibi tatu, mfalme nne.
Nikimfunga soksi zake ndefu za kubana: kumi, ishirini na moja.
Usiku, kikohozi chake ukutani, nami
nazipanga ishirini zote darini,
ngapi zimepita, ngapi ziko kwake.

Alhamisi, uru ilikuwa turufu.
Alishusha mfalme wa pau, nikamla kwa mfalme wa uru. Nane.
Nikaokota moja. Nikatazama.
Kisha nikaichukua ile turufu iliyolala chali chini ya bunda
nikaiweka juu, kifudifudi.

Hiyo ndiyo kufunga.
Huokoti tena, wala mwenzio haokoti.
Unadai kwamba ulicho nacho mkononi kitakufikisha.
Mimi, ambaye sijawahi kudai hata nauli yangu.

Ree ya uru; akatoa bibi, shingo upande. Ishirini na mbili.
Kumi ya uru. Thelathini na nne.
Ree ya kopa, ghulamu akaifuata. Arobaini na saba.
Friji ilikuwa ikinguruma, ikanyamaza.
Nikalaza mfalme na bibi wa shupaza, bega kwa bega.
"Ishirini," nikasema, na sauti ilitoka kubwa mno.
"Inatosha."

Alizitazama muda mrefu.
Akaniandikia pointi tatu, kwa kuwa hakula hata mara moja,
akachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa.
"Jolana," akasema, "hajawahi kufunga."

Jumamosi, mlangoni. Funguo.
Choo jana, mguu wa kulia afadhali.
Dereva anapiga honi.
"Na ujihadhari," nikamwambia, "siku hizi nafunga."

Jolana akaweka begi chini.
"Wewe? Kwani si ndiye wa kutocheka ukipata ree?"
"Nani?"
"Wewe. Marcela angeizuia hiyo. Marcela, Marcela,
tangu Oktoba nalala na jina lako."

Honi tena. Tukatazamana,
wanawake wawili na funguo moja,
na kutoka jikoni, bila haraka,
tukasikia karata zikichanganywa
kwa vidole vitatu na vitano.